Tanki Likijaa, Injini Inazima

Ilipogonga saa moja na nusu asubuhi, Sajini Clementi Nyamburi alikuwa amekwisha kuwasalimu watu kumi na wawili katika kijiji cha Juhudi, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Kila mtu aliitikia kwa mkato kisha akakumbuka kazi aliyoiacha mahali pengine. Clementi hakushangaa. Polisi akiingia kijijini, watu huzidiwa na shughuli. Miaka kumi na mmoja ya upelelezi ilikuwa imemzoesha kula peke yake na kulala peke yake kwenye ofisi za watu, na kuna siku alijikuta akizungumza na mashine kwa kukosa wa kuzungumza naye. Huko nako alikuwa mwenyeji, kwa maana kabla ya kuingia upolisi alikuwa fundi wa injini kwenye kinu cha pamba karibu na Bunda. Injini ina ubaya wake, lakini haijui kusingizia.

Kilichomleta ilikuwa barua ya katibu wa kijiji, Ndugu Matiko, mistari tisa yenye neno "hujuma" mara tano. Kijiji hicho cha upande wa Mugeta kilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Operesheni ya mwaka wa sabini na nne iliwakusanya watu kutoka kwenye maboma yao wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, na mwaka huohuo mito ikakauka. Ng'ombe wakawa wanaswagwa hadi Guta, ziwani, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na wengine hawakurudi. Mkoa ukawaazima kijiko, lile katapila la kuchimbia, ili wachimbe lambo la kukinga maji kabla ya mvua za vuli. Sasa vuli ilikuwa inanusa mlangoni, na shimo halijafika hata nusu, maana kijiko kilikuwa kinazima mara nne au tano kila siku.

Katibu alikuwa na hakika kwamba anayekizima ni mwendeshaji wake, Lukas, mtu wa Suguti. Saa kumi jioni Landrova ya polisi ingefika kutoka Musoma kwa njia ya Butiama, na Lukas angepanda kiti cha nyuma, labda Clementi awe na karatasi inayosema vingine. Siku zile hujuma halikuwa neno la kuchezea. Mtu aliweza kuingia nalo ndani asijue atatoka lini, wala nani wa kumuuliza.

Kijiko kilikuwa kimesimama kwenye ukingo wa shimo, mkono wake umelala chini. Kililetwa na Mwingereza kabla ya Uhuru. Kingekuwa kijana wa hapa, kingekuwa kimekwisha kuoa. Lukas alikuwa ameinama kwenye minyororo, akipaka grisi, mgongo wake ukiwatazama Clementi na katibu aliyemsindikiza.

"Habari za asubuhi, fundi," Clementi alisema.

Lukas aliendelea na grisi yake.

"Umeona?" Katibu Matiko alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa shahidi. Alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na daftari kwapani. "Ndivyo alivyo. Mtu mzima unamsalimu, anakuonyesha mgongo. Kijiji kizima kimekwisha kumwacha. Hakuna anayemkaribisha hata ugali."

"Kiburi si kosa la jinai, Ndugu Katibu. Nipe la jinai."

"Nakupa." Matiko alifungua daftari. "Tanki likiwa nusu, kijiko kinafanya kazi asubuhi hadi karibu adhuhuri. Tukilijaza, hakimalizi hata saa moja, kinazima. Nimeandika siku kumi na nne, hii hapa. Mafuta yakiwa machache anachimba, yakiwa mengi anagoma. Wewe unaelewaje?"

"Wewe ulielewaje?"

"Anataka mafuta yabaki."

"Yabaki yafanye nini?"

"Hilo ndilo mtakalomuuliza huko Musoma."

Clementi alilichukua daftari, akasoma zile siku kumi na nne moja baada ya nyingine. Kijana alikuwa ameandika vizuri sana, saa na dakika. Ushahidi mzuri mara nyingi huletwa na mtu asiyejua ameshika nini. Alilirudisha, akavua koti.

Alianza na maji, kwa kuwa ndiyo hujuma iliyo rahisi kuliko zote. Kibuyu kimoja tu cha maji ndani ya tanki, kazi imekwisha. Alilala chini ya tanki, akafungua nati ya kumwagia uchafu, akakinga kwenye chupa ya jemu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kama yapo yatakaa chini na mstari utaonekana. Aliinua chupa kwenye jua. Dizeli ilikuwa safi, rangi moja juu hadi chini. Hakukuwa na mchanga, wala sukari, wala kutu ya kutisha. Akafungua chujio la mafuta. Kitambaa chake kilikuwa kipya. Akafungua chujio la hewa, akalikung'uta, likatoa vumbi la kawaida la Mugeta, ambalo mtu yeyote wa huko anakula kilo yake kwa mwaka.

"Hakuna maji," alisema.

Katibu alionekana kama mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa.

Lukas alipogeuka akamwona mgeni, alisimama mara moja, akafuta mikono kwa tambara, akaamkia kwa adabu zote. Alikuwa na miaka kama arobaini na tano, mashavu yameingia ndani. Alikuwa akimtazama Clementi mdomoni.

"Jaza tanki," Clementi alimwambia. "Halafu washa, uchimbe kama siku zote."

Injini iliwaka saa mbili na robo. Clementi alisimama pembeni na saa mkononi. Sauti ilikuwa nzito, yenye afya, na mkono wa kijiko ulikuwa ukipanda na kushuka kwa ulaini wa mtu anayejua kazi yake. Hakuna udongo uliomwagika njiani. Dakika ya arobaini mlio ulianza kupungua. Lukas alivuta wenzo kuongeza mafuta, haikusaidia. Dakika ya arobaini na tisa injini ilikohoa mara mbili ikafa, na kimya kilichofuata kikaenea hadi kwenye vilima.

Clementi alikuwa ametazama bomba la moshi kuliko kitu kingine. Moshi mweusi ungemwambia hewa haitoshi. Wa bluu ungesema oili inaungua. Mweupe ungeweza kuwa maji, au dizeli isiyoungua. Huu ulikuwa umepungua tu, ukawa mwembamba, ukaisha. Injini haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imekufa njaa, na tanki limejaa.

Lukas alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye tanki, akafungua kifuniko kilichotoa pumzi fupi, akatumbukiza kijiti kupima mafuta, akafunga. Kisha akaenda kwenye chujio, akalegeza skrubu kutoa upepo, akasukuma pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Akapanda, akawasha. Iliwaka mara ya kwanza.

"Zima," Clementi alisema nyuma yake.

Injini iliendelea. Alipiga kelele, "Zima!" Hakuna kitu. Alizunguka mbele, akainua mkono, na hapohapo Lukas akazima akashuka.

Clementi hakuuliza kwa haraka. Alichukua spana kubwa kwenye sanduku, akamwambia Lukas amwonyeshe ile pampu, na Lukas alipoinama, akaiachia spana ianguke juu ya chuma cha mnyororo. Katibu aliruka. Kunguru waliinuka kutoka shimoni. Lukas hata kope hakupepesa.

"Ndugu Katibu," Clementi alisema, "kaniletee karani wa ghala, nina neno naye kuhusu mapipa." Hakuwa na neno lolote na karani. Katibu alipoondoka, alimgusa Lukas bega, akasimama palepale penye mwanga, usoni pake.

"Masikio yako. Tangu lini?"

Lukas alitazama kule Katibu alikokwenda. "La kushoto tangu mwaka wa Azimio. Hili la kulia lilianzaga mwaka juzi, mwaka huu limekwisha."

"Kwa nini hukusema? Wanakuita mwenye kiburi. Wanakuita mhujumu."

"Nikisema, watanitoa kwenye mashine, afande. Miaka kumi na tisa nakaaga kwenye kiti hiki. Mke amekufa, mtoto hakuna. Wakinitoa hapa, mimi nabaki na nini?"

Swali hilo Clementi alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, tena bila uziwi wa kusingizia. Akauliza lingine.

"Ikizima, kwa nini unafungua tanki kwanza?"

"Wanasemaga naiba mafuta. Basi naangalia yapo. Halafu natoa upepo, inawaka."

"Kila mara unaanza na tanki?"

"Kila mara."

"Leo tutaanza na pampu. Tanki usiliguse mpaka nikuambie."

Kijiko kilirudi kazini. Mara hii kilikwenda saa nzima na dakika sita kabla ya kukohoa, na Clementi akaandika hilo pia, kwa kuwa tanki sasa lilikuwa limepungua kidogo. Lukas alilegeza skrubu ya chujio, akasukuma pampu. Hakikutoka kitu. Akasukuma mpaka jasho likamtiririka shingoni. Pampu ilikuwa inavuta kama mtu anayenyonya mrija uliozibwa kwa kidole.

"Inatosha," Clementi alisema. Alipanda juu ya mashine, akaweka sikio karibu na kifuniko cha tanki, akakizungusha polepole.

Fyuuu!

Tanki lilivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa chini ya maji. Chini kwenye chujio dizeli ikaruka kutoka penye skrubu, ikamlowesha Lukas mkono. Mlio ule ulikuwa mkubwa kiasi cha kumgeuza mbuzi aliyekuwa akila hatua ishirini kutoka pale. Lukas, aliyeufungulia mlango mara tano kwa siku kwa wiki mbili, hakuwahi kuusikia.

Clementi alikaa palepale juu ya chuma cha moto, akacheka peke yake. Tanki hunyonywa mafuta, na mahali pa mafuta lazima hewa iingie, kwa hiyo kifuniko hutobolewa tundu dogo. Tundu likizibwa, ndani hubaki utupu unaovutana na pampu, na utupu hushinda. Tanki likiwa nusu kuna hewa nyingi juu ya mafuta, huchukua muda kuisha nguvu. Likijaa, hewa ni kidogo, injini hufa upesi. Siku kumi na nne za Katibu zilikuwa zinasema hivyohivyo, kwa dakika. Na yule maskini wa Suguti, kila alipofungua kuthibitisha kwamba si mwizi, ndipo alipoiponya mashine bila kujua, na kila alipofunga, akaiua tena.

Alikigeuza kifuniko. Chini yake kulikuwa na pete mpya ya ngozi ya ng'ombe, imekatwa vizuri, inabana sawasawa. Katikati, juu ya tundu, palikuwa na donge la nta, pana kama kifungo cha koti, jeusi-jeusi, lenye harufu ya asali na moshi. Lilikuwa limekandamizwa kwa kidole gumba, na alama ya kidole ilikuwa bado ipo, imekatwa katikati na mstari mmoja ulionyooka. Mwenye kidole hicho alikuwa na kovu.

Kwa hiyo kulikuwa na mkono wa mtu. Kicheko kilimwisha.

Katibu Matiko alirudi na karani, akaiona nta, akapiga goti kwa kiganja. "Gati! Si nilijua! Mjane yule ndiye mwenye nta kijijini, anashonaga vibuyu. Na kwenye mkutano alisimama akasema mbele ya watu wote, hilo lijiko halitafika kwa mume wangu. Kaburi la mumewe liko pale kwenye ukingo. Basi wako wawili, Sajini! Mwambie dereva wa Landrova aache nafasi mbili."

Gati alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake, ya mwisho kwenye mstari, kibuyu kilichopasuka katikati ya magoti. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, na hakukumbuka kazi yoyote mahali pengine. Alimsogezea kigoda.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Neno nililolitoa mkutanoni halijawahi kunipa usingizi."

Clementi alifungua kisanduku cha kiberiti alimoweka donge la nta, akamwonyesha. Gati alilinusa, akalikuna kwa ukucha, na midomo yake ikapinda kwa dharau ya fundi.

"Hii si kazi yangu. Nta yangu naichujaga mara mbili, tazama." Akatoa kipande cha njano, safi. "Hii imeyeyushwa kwenye moto wa samadi, imekula moshi wote. Hii kazi ya mwanaume."

"Lakini ulikuwa na hasira na kijiko."

"Ningetaka kukiua ningekatakata ile mipira yake kwa panga, mchana, mnaona wote." Alivuta uzi ukakaza. "Hasira ilikwisha, mwanangu. Yule mwendeshaji alipofika penye kaburi alizima, akashuka, akalitazama, kisha akageuza mashine akalizunguka. Hakuna aliyemwambia. Kesho yake nikaenda kumshukuru. Nikamwita mara tatu, mama mzima, hakugeuka. Nikasema basi, shukrani si mzigo, nitarudi nayo nyumbani."

"Ulisimama wapi ulipomwita?"

"Nyuma yake. Alikuwa anapaka mafuta-mafuta."

"Siku nyingine simama mbele yake, mama. Akuone."

Gati aliacha kushona. Alimtazama Clementi, na uso wake ukaingia aibu.

"Nta umewahi kumgawia nani?" Clementi aliuliza.

"Mmoja tu. Tata Keraryo, yule mzee mlinzi wa mashine. Kibuyu chake kilikuwa kimepasuka mwezi uliopita."

Mzee Keraryo alikuwa mahali ambapo Clementi alikuwa amempita mara mbili tangu asubuhi bila kumwona, upande wa pili wa kijiko, kwenye kivuli chake, rungu mapajani. Operesheni ilikuwa imewapeleka wanawe kijiji kingine, na ng'ombe wake wamebaki wawili. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimwa kwa kijiko cha chai. Alimpa mgeni kibuyu cha maziwa mgando kwa mikono miwili, na Clementi alipokipokea aliona kidole gumba cha kulia, na kovu la kamba lililokikata katikati.

Alikunywa kwanza. Hakuna desturi ya kumhoji mtu ukiwa umekataa maziwa yake.

"Tata, Katibu alikuuliza habari za mashine?"

"Aliuliza. Alisema, nani ameshika mashine. Nikasema hakuna mtu."

"Na wewe?"

"Mimi si mtu. Mimi mlinzi."

Clementi alikubali kwa kichwa. Alitoa kifuniko mfukoni, akakiweka chini kati yao. Uso wa mzee ukang'aa, akamwita mgeni mura, kijana wake.

"Umeona hiyo! Ilikuwaga na tundu, mura, tundu kabisa, hapa juu! Na inachezacheza. Mimi nikatafuta ngozi, nikaweka. Nikaweka nta. Kibuyu ukiacha tundu, maji inaingia, nzi inaingia, maziwa inakufa. Tangu nizibe hiyo, hata tone moja haijaingia. Uliza nani unataka."

"Nani alikuagiza?"

"Katibu. Alisema, Keraryo, mvua inakuja, na maadui wako wengi. Maji ikiingia humo, wewe utalala ndani. Basi mimi nikaangalia wapi maji inaweza kupita." Alikigusa kifuniko kwa fahari. "Na ile mashine, mura, ni ya Lukas. Lukas ni mtu wangu. Watu hawamtaki. Jioni tunakulaga hapa, mimi na yeye. Hatuongei. Yeye hasikii, mimi sijui Kiswahili yake. Tunakaaga tu."

"Ulijua kwamba hasikii?"

"Mwezi wa kwanza nilijua. Ng'ombe kiziwi unamjua kwa shingo."

Kijiji kizima, na katibu wake na daftari lake, hakikuwa kimejua. Clementi aliinamisha kichwa. Sehemu iliyobaki ya kazi hii hakuipenda.

Alimrudishia kibuyu. "Tata, weka mdomo hapa, uzibe wote, usiache nafasi. Nyonya, usiachie."

Mzee alidhani ni mchezo, akafanya. Alinyonya mara moja, mara mbili, mara ya tatu mashavu yakaingia ndani na kibuyu kikamng'ang'ania midomo. Alikibandua, kikalia fyu!

"Maziwa yamekwisha?" Clementi aliuliza.

"Yapo."

"Kwa nini hayakuja?"

Mzee alitazama kibuyu. Alitazama kifuniko, kisha mashine juu yake, taratibu, kutoka kwenye minyororo hadi kwenye tanki. Akaweka kidole chenye kovu juu ya tundu, akakiondoa.

"Nimeziba pua yake," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Nimemziba Lukas."

Saa nane kamili tanki lilijazwa hadi mdomoni mbele ya Katibu Matiko, kifuniko kikafungwa kikiwa na pete yake ya ngozi lakini tundu wazi. Kijiko kiliwaka. Dakika ya arobaini na tisa ilipita. Saa tisa ikapita, na Katibu kwa wasiwasi akaandika saa tatu kwenye daftari, akafuta, akaandika tena. Mashine ilikuwa ikila udongo bila kupumzika, na watu wakaanza kutoka kwenye nyumba zao, mmojammoja, wakasimama mbali.

"Sawa," Katibu alisema hatimaye. "Lukas si yeye. Lakini tundu halikujiziba. Nipe jina."

"Ulimwagiza nini mlinzi wako?"

"Nilimwambia maji yasiingie kwenye tanki."

"Kwa maneno gani?"

Katibu alitazama viatu vyake. "Kwamba yakiingia, atalala ndani yeye."

"Hayakuingia hata tone, nimepima mwenyewe. Ulimweleza kwamba injini inapumua?"

"Mimi... mimi mwenyewe sikujua."

"Basi nitaandika majina mawili, la aliyeagiza na la aliyetii. Hujuma ina karatasi yake maalumu, ninayo hapa. Nianze na lipi?"

Kijana alilihamishia daftari, lililolowa jasho, kwenye kwapa la pili. Chini shimoni kijiko kiliinua udongo, kikageuka, kikamwaga.

"Andika hakuna hujuma," alisema.

"Naandika tundu la hewa lilikuwa limeziba, limezibuliwa, na hakuna hujuma. Utie sahihi hapa chini ya yangu."

Habari za masikio hazikuingia kwenye karatasi ile. Hakuna aliyeziuliza, na hazikuwa na uhusiano na dizeli.

Keraryo alimwendea alipokuwa akikunja karatasi. Alinyoosha kiganja tu. Clementi hakuelewa mpaka mzee akamwonyesha kibuyu chake kingine, kile kilichopasuka mwezi uliopita, ambacho kilikuwa bado kinavuja. Nta yote aliyopewa aliitumia kwenye mashine. Clementi alifungua kiberiti, akamrudishia ushahidi wake.

Saa kumi kasoro dakika tano Landrova ilitokea na vumbi lake, na wakati huohuo injini ya kijiko ikazima.

Katibu alishika kichwa. "Imekufa tena!"

Clementi aligeuka. Lakini mlio haukuwa umepungua, wala injini haikukohoa. Ilikuwa imezimwa kwa mkono. Chini shimoni, mbele kabisa ya mashine, pale ambapo Lukas asingeweza kukosa kumwona, alisimama Mzee Keraryo na kibuyu chake. Lukas alishuka. Mzee alionyesha tanki, kisha kidole gumba chake, kisha kifua chake, akainamisha kichwa akangoja.

Kutoka juu hakuna kilichosikika. Lukas alimtazama mzee, akaitazama Landrova pale ukingoni, akaelewa ilikuwa imemfuata nani. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akapokea kibuyu, akanywa, akamrudishia. Wakakaa chini kwenye udongo mpya, bega kwa bega, kimya kama jioni zote. Kutoka upande wa nyumba Gati alikuwa anashuka na chungu kichwani. Alizunguka mashine yote ili atokee mbele.

Clementi alingoja kidogo, huenda mtu angeinua mkono kumwita. Mahali pa kukaa palikuwapo, na njaa alikuwa nayo tangu asubuhi. Watu walikuwa wanateremka shimoni sasa, wakisalimu, wakiinua mikono juu ili waonekane, na hakuna aliyetazama nyuma.

"Mtuhumiwa yuko wapi, afande?" dereva aliuliza. Kiti cha mbele alikuwa amekipakia vipuri vya kupeleka Musoma, na kiti cha nyuma kilikuwa kimeachwa wazi, na pingu juu yake.

"Hayupo," Clementi alisema. Alisogeza pingu pembeni, akapanda, akakaa mwenyewe.